Mirambo na Nyungu ya Mawe

Katika nchi za Tabora na kando zake walitokea zamani watemi wawili wenye nguvu, ambao majina yao hayajasahauliwa hata leo. Mmoja aliitwa Mirambo, na wa pili aliitwa Nyungu ya Mawe. Wote wawili waliishi wakati mmoja. Wote wawili walianza na nchi ndogo, wakashika silaha, wakawashinda majirani zao. Tena wote wawili walikufa katika mwezi mmoja, yaani Desemba 1884. Lakini mambo yaliyofuata baada ya kufa kwao hayakuwa sawa. Milki ya Mirambo, iliyokuwa na sifa kubwa zaidi, ilianza kuvunjika mara. Milki ya Nyungu ya Mawe ilisimama miaka kumi mingine, nayo ilishikwa na mwanamke. Sababu ya tofauti hiyo yafaa kujulikana.

NJIA ZILIZOKUTANA TABORA

Mji wa Tabora, ambamo leo imo mitaa ya Cheyo na mingine mingi, ulikua kwa biashara ya misafara. Siku hizo hapakuwa na reli; gari la moshi halikufika Tabora hata mwaka 1912. Kila kitu kilichukuliwa mabegani mwa watu. Njia kubwa ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo na pori kali liitwalo Mgunda Mkali, hata ikafika Unyanyembe, nchi ya Tabora. Hapo iligawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi mpaka Ujiji, kando ya ziwa la Tanganyika. Tawi jingine lilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Jingine tena lilielekea kusini, Ukonongo na Ufipa.

Wanyamwezi walikuwa wasafiri hodari tangu kabla Waarabu hawajafika kwao. Walichukua pembe za tembo, chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma, wakafanya biashara na nchi za mbali, hata wakashuka pwani. Kijana asiyewahi kuiona pwani alihesabiwa kuwa hajatimia kuwa mtu mzima. Mpagazi alitwaa mzigo wa ratili 60 au 70, akamfuata kirangozi aliyetangulia, naye alitembea hivyo miezi mingi.

Mnamo mwaka 1852 Waarabu walikuwa wamejenga nyumba zao Unyanyembe. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika mwaka 1857, walikuta wafanya biashara Waarabu wamekaa kwa starehe mahali palipoitwa Kazeh, wana bustani na maghala ya bidhaa. Waarabu walileta nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Walitaka pembe za tembo na watumwa. Msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulimlipa hongo, yaani kodi ya njia. Kwa hiyo mtemi ambaye njia ilipita kwake alipata mali bila kusafiri, na aliyeshika njia nyingi alipata mali nyingi.

WATEMI WA KALE

Unyamwezi haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo. Husemwa kwamba neno mtemi limetoka katika kutema, yaani kukata. Wengine hueleza kuwa maana yake ni yule aliyekata miti ya pori ili watu wapate kulima. Wengine husema ni yule anayekata maneno, ndiye mwamuzi. Mtemi alitazamiwa kuiombea nchi mvua, kuwaamulia watu mashauri yao, na kuwakinga na adui. Nguvu yake ilitoka katika desturi na wazee wake, wala hakuwa na jeshi la siku zote.

Mambo mawili yaliigeuza desturi hiyo. Jambo la kwanza ni bunduki, ambazo zilizidi kuja mwaka kwa mwaka pamoja na misafara. Jambo la pili ni kuja kwa Wangoni. Watu hao walitoka kusini ya Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakaendelea kaskazini wakipigana njiani. Kundi lao moja, lililoitwa Watuta, lilifika Unyamwezi likakaa upande wa kaskazini. Wangoni walipigana kwa vikosi vya vijana wa rika moja, kwa mkuki mfupi wa kuchomea na ngao. Nao hawakuwaua vijana wote waliowateka. Waliwafundisha vita na kuwafanya kuwa askari wao wenyewe. Hivyo jeshi lao lilikua kila liliposhinda.

Zaidi ya hayo, watemi waliona jinsi biashara ilivyoweza kumwangusha mwenye nchi. Mwaka 1859 mtemi mpya wa Unyanyembe, jina lake Mnywa Sele, alitaka Waarabu walipe kodi ya bidhaa zao. Waarabu walikataa, wakamfukuza, wakamweka mahali pake Mkasiwa, wa ukoo ule ule, aliyekubali matakwa yao. Mnywa Sele alikaa maporini akipigana, akiziziba njia, hata alipouawa mwaka 1865. Watemi wengine wakatazama, wakapata kufikiri: mtemi asiye na jeshi hana kauli katika nchi yake mwenyewe.

MIRAMBO ANAINUKA

Mirambo alizaliwa mnamo mwaka 1840. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela Kasanda. Alirithi utemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya Tabora, karibu na njia iendayo Ujiji. Jina la Mirambo alilipata katika vita, na maana yake, kama wasemavyo wengi, ni maiti. Inasimuliwa kwamba aliijua lugha ya Wangoni, na yakini alizijua njia zao za kupigana.

Mirambo aliyaunganisha mambo yale mawili mapya. Alitwaa kwa Wangoni mpango wa vikosi vya vijana, akawapa vijana hao bunduki za misafara. Askari wake waliitwa rugaruga. Wengine walikuwa mateka, wengine watoro, wengine vijana waliopotewa na jamaa zao kwa sababu ya vita na utumwa. Walivaa nguo nyekundu na manyoya vichwani, wakajipamba kwa pembe na shaba, ili waogopwe kabla hawajapiga. Hawakulima. Chakula chao na malipo yao yalitoka katika nyara.

Baadaye Mirambo alieleza mwenyewe kwa nini alipenda kuwachukua vijana. Alisema kwamba mtu mzima anawaza mke na watoto nyumbani, lakini kijana hana kinachomvuta nyuma, na macho yake ni makali, na miguu yake ni myepesi. Maneno hayo yana kweli, lakini yana na huzuni ndani yake. Jeshi la namna hiyo lilihitaji vijana wasio na kwao, na kila kijiji kilichochomwa kiliongeza vijana wa namna hiyo.

VITA VYA MWAKA 1871

Mirambo aliwachukia Mkasiwa na Waarabu wa Tabora, maana walikuwa wakisaidiana juu yake. Mwaka 1871 aliuzuia msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji. Alitwaa hongo ya baruti, bunduki na nguo, kisha badala ya kuwapa njia akawaamuru warudi walikotoka. Alitangaza kwamba tangu siku ile msafara wa Kiarabu hautapita katika nchi yake.

Waarabu wakakusanya jeshi la watu zaidi ya 2,000. Pamoja nao alikuwako Henry Stanley, mwandishi wa gazeti, aliyekuwa akimtafuta Dakta Livingstone na kutaka kufika Ujiji. Mwezi wa Agosti jeshi lilitoka likauteka mji wa Zimbizo. Kisha kikosi kimoja, kikiongozwa na kijana Saud bin Said, kikaenda Wilyankuru, mji mwingine wa Mirambo, kikauingia na kupata pembe na watumwa wengi. Waarabu walidhani vita vimekwisha. Kumbe Mirambo alikuwa ametoka mjini na watu wake, akawalaza katika majani marefu kando ya njia. Kikosi kilipokuwa kikirudi, kimelemewa na nyara, rugaruga waliinuka pande zote mbili. Saud aliuawa na wenzake wengi. Walionusurika walikimbia, na habari hiyo ikalitia hofu jeshi lote, likarudi Tabora bila mpango.

Tarehe 22 Agosti Mirambo aliwafuata mpaka Tabora yenyewe, akiwa na Watuta pamoja na watu wake. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, alitoka kumkabili. Watumwa wake wenye silaha wakamwacha, akauawa. Sehemu ya mji ikateketezwa kwa moto. Stanley alikuwa Kwihara, karibu na mji, akatoboa matundu ya bunduki katika kuta za nyumba akingoja kushambuliwa, lakini Mirambo hakufika huko. Stanley akalazimika kuzunguka mbali upande wa kusini ili afike Ujiji, alikoonana na Livingstone mwishoni mwa mwaka ule.

Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, wala Waarabu hawakuweza kumshinda. Pembe zilikaa Ujiji bila kutoka, na bei zikapanda pwani. Mnamo mwaka 1875 pande zote zilikuwa zimechoka, wakafanya mapatano. Mtemi mdogo wa Uyowa alikuwa amewaonyesha watu wa pwani kwamba njia ya Ujiji haipitiki pasipo shauri lake.

MIRAMBO NA WAGENI

Mwezi wa Aprili 1876 Stanley alipita tena Unyamwezi, na safari hii alikutana na Mirambo uso kwa uso. Alitazamia kuona mnyang'anyi mkali. Aliona mtu mrefu, mwenye umbo zuri, anayesema kwa sauti ya upole, wala hajikwezi. Wakafanya undugu wa kuchanjiana: walichanjwa mguuni, damu zao zikachanganywa, wakaapishwa wasidhuriane.

Mirambo hakuwa mtu wa vita tu. Alitaka biashara ipite kwake badala ya kupita mikononi mwa Waarabu wa Tabora peke yao. Alipelekeana wajumbe na Kabaka Mutesa wa Buganda. Mnamo mwaka 1882 alifanya urafiki na Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa wa Kongo, ambaye misafara yake ilihitaji njia ya salama. Aliwakaribisha pia wamisionari Waingereza. Mwaka 1879 tabibu mmoja wao, Dakta Southon, alijenga Urambo, akawatibu watu mpaka alipokufa mwaka 1882 baada ya kuumizwa na risasi kwa bahati mbaya.

Lakini mwenye jeshi la nyara hawezi kulizuia siku zote. Mwaka 1880 rugaruga waliushambulia mji mmoja wa Upimbwe, kusini, na Waingereza wawili waliokuwamo, Carter na Cadenhead, waliuawa. Mirambo alijitahidi kueleza kwamba hakukusudia vifo vyao. Hata hivyo urafiki aliotaka kuujenga na balozi wa Uingereza Unguja uliharibika. Katika jambo hilo udhaifu wa milki yake ulionekana: mahali ambapo mwenyewe hakuwapo, amri yake haikufika sawasawa.

JINSI MIRAMBO ALIVYOTAWALA

Mirambo alipoishinda nchi, alimtazama mtemi wake. Kama alitii, aliachwa katika kiti chake, akapasiwa kutoa pembe na kupeleka askari wakati wa vita. Kama alikataa, aliuawa au kufukuzwa, na mtu mwingine wa ukoo ule ule aliwekwa mahali pake. Njia hiyo ilikuwa ya haraka, na watu hawakuona desturi zao zimevunjwa. Lakini kila nchi ilibaki vile vile kama ilivyokuwa, na mtemi wake, na ukoo wake, na hamu yake ya kujitawala. Kilichozifunga nchi hizo pamoja kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni hofu ya Mirambo mwenyewe. Kwa hiyo ilimpasa kuwa safarini daima. Nchi iliyonyamaza mwaka huu iliasi mwaka ujao, naye akarudi tena na majeshi.

NYUNGU YA MAWE

Nyungu ya Mawe alitoka katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe. Jina lake maana yake ni chungu cha mawe, yaani chungu kisichovunjika. Alikuwa mwenye jicho moja, na ukali wake katika vita haukupungua ule wa Mirambo. Baada ya fitina za Unyanyembe alikwenda upande wa kusini-mashariki, katika mapori ya Ukimbu, akaweka kikao chake Kiwele. Yeye naye alikuwa na rugaruga. Ukimbu ilikuwa nchi ya watu wachache na watemi wadogo wengi sana, lakini ilikuwa na tembo, na misafara ya pwani ilipita humo.

Nyungu alipoishinda nchi, hakufanya kama Mirambo. Hakutosheka na kupokea utii wa watemi wa zamani. Alizikusanya nchi ndogo nyingi kuwa sehemu moja, akaweka juu yake mtu wake mwenyewe, aliyeitwa mtwale. Mtwale hakuwa wa ukoo wa nchi ile; aliwekwa na Nyungu na aliweza kuondolewa na Nyungu. Kazi yake ilijulikana: kukusanya pembe na kuzipeleka Kiwele, kulinda njia, na kuangalia watemi wadogo wasifanye fitina. Hivyo nchi nyingi za Ukimbu zilishikwa na watwale wachache, kila mmoja akijua mpaka wake, na wote wakijua mahali pa kupeleka habari.

Basi Nyungu hakuhitaji kuwapo kila mahali.

MWEZI WA DESEMBA 1884

Mirambo alishikwa na ugonjwa wa koo, akafa tarehe 2 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka 44 hivi. Mwezi ule ule Nyungu ya Mawe naye akafa.

Huko Urambo ndugu yake Mirambo, Mpandashalo, akarithi utemi. Alikuwa mtu wa vita, akajaribu kufanya kama ndugu yake alivyofanya. Lakini nchi zilizoshindwa hazikumwapia Mpandashalo. Zilimwogopa Mirambo, na Mirambo alikuwa amekufa. Moja baada ya moja zikajitenga. Rugaruga, ambao hawakuwa na shamba wala mshahara, wakamfuata yeyote aliyewapa nyara. Mwaka 1890 Mpandashalo akauawa vitani, na Urambo ikawa tena utemi mmoja kati ya mingi. Miaka sita ilitosha kuvunja kazi ya miaka zaidi ya ishirini.

Huko Kiwele kiti cha Nyungu kilikaliwa na binti yake, Mgalula. Hakuwa na sifa ya vita kama baba yake. Lakini watwale walikuwa wakali mahali pao, pembe ziliendelea kuja, na kila mtu alijua kazi yake. Milki ile ikasimama mpaka mwaka 1895, Mgalula alipokubali utawala wa Wadachi. Haikuvunjwa na watu wake wa ndani.

MFANO KUTOKA ASIA

Jambo hilo halikutokea Unyamwezi na Ukimbu tu. Katika Asia, kaskazini ya Uchina, kuna nchi pana za majani zisizo na miti mingi, na watu wake walikuwa wafugaji waliopanda farasi. Vita na mali vilikwenda kwa mbio za farasi kama vile Unyamwezi vilivyokwenda kwa miguu ya wapagazi. Wakuu wengi waliinuka huko, wakashinda nchi kubwa, wakafa, na milki zao zikafa pamoja nao.

Mnamo mwaka 907 watu walioitwa Wakhitani walipata mkuu hodari, jina lake Abaoji. Aliyaunganisha makabila yao, na mwaka 916 akajitangaza kuwa kaisari. Milki yao baadaye iliitwa Liao. Abaoji aliona neno ambalo wengi hawakuliona: kwamba watu wa malisho na watu wa mashamba hawawezi kutawaliwa kwa desturi moja. Yeye na waliomfuata waliweka utawala wa pande mbili. Upande wa kaskazini uliwatawala wafugaji kwa desturi za Wakhitani, na upande wa kusini uliwatawala wakulima kwa desturi za Kichina, kwa waandishi na kodi zilizohesabiwa.

Abaoji alifariki mwaka 926. Inasimuliwa katika historia ya milki hiyo kwamba watu walipotaka mkewe azikwe naye kwa kufuata desturi, alikatwa mkono mmoja ukawekwa kaburini, naye mwenyewe akabaki hai ili aitunze nchi. Mama huyo akaishika milki mpaka mwanawe alipokalia kiti. Milki ya Liao haikufa pamoja na Abaoji. Ilidumu mpaka mwaka 1125, ilipoangushwa na Wajurchen. Hata wakati huo mkuu mmoja wa ukoo wa kifalme, Yelü Dashi, alikwenda magharibi na watu wake, akaanzisha milki nyingine iliyodumu mpaka mwaka 1218. Alikuwa amepoteza nchi, lakini hakupoteza maarifa ya kutawala.

SABABU YA TOFAUTI

Mtu akiyatazama mambo hayo pamoja, sababu huonekana wazi. Ushujaa haukuwa tofauti yao, maana Mirambo aliwashinda Waarabu wa Tabora, jambo ambalo Mnywa Sele hakuliweza. Akili haikuwa tofauti yao, maana Mirambo alijua biashara, aliwapima wageni, na alifahamu thamani ya urafiki na wakuu wa mbali. Tofauti ilikuwa katika kazi zilizogawanywa. Mirambo alizishika kamba zote kwa mkono wake mmoja, na mkono ulipolegea, kamba zote zikaanguka. Nyungu na Abaoji waliwapa wengine sehemu ya kushika, wakaweka wazi kazi ya kila mmoja, na kazi hiyo ikaendelea baada ya mwenye kuiweka kwenda zake.

Tena haifai kusahau gharama ya sifa hizo. Mashairi na masimulizi husifu mashujaa, lakini vijiji vilivyochomwa vilikuwa na watu. Pembe zilizofika Kiwele na Urambo zilibebwa na watu, na wengi wao hawakulipwa. Watoto walipotezana na mama zao katika mapori ya Ukimbu na Ukonongo, na baadhi yao walikua wakawa rugaruga wenyewe, wakawatendea wengine kama walivyotendewa. Nyungu ya Mawe naye ana sehemu yake katika lawama hiyo. Utawala wenye mpango mzuri si lazima uwe utawala wenye huruma. Mambo hayo ni mawili, na nchi huyahitaji yote mawili.

Wadachi walipokuja, hawakukuta Unyamwezi iliyo moja. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipigana nao peke yake katika boma lake. Mwezi wa Januari 1893, alipoona boma linaingiwa, aliwasha moto ghala ya baruti ili asishikwe mzima. Urambo haikumsaidia, maana Unyanyembe na Urambo zilikuwa adui tangu siku za Mkasiwa. Tena Urambo yenyewe ilikuwa dhaifu. Hivyo yaliyovunjika mwaka 1884 yalikuwa bado hayajajengwa tena wakati yalipohitajiwa.

Leo Urambo ni wilaya katika mkoa wa Tabora, na jina la Mirambo limepewa barabara na shule. Njia za misafara zimefunikwa na reli na barabara za magari, na vijana wanaopita humo hubeba vitabu mahali pa baruti. Jina la Nyungu ya Mawe halitajwi sana. Lakini anayetaka kujua jinsi ya kujenga kitu kitakachodumu, kiwe chama, shule, kijiji au nchi, na aulize kwanza swali ambalo watemi wale wawili walilijibu kwa njia mbili: siku nitakapokuwa sipo, nani atajua kazi yake?